KUHAMISHA HESABU ZA NYUMBANI KUTOKA PROGRAMU MOJA YA BAJETI HADI NYINGINE

Mwanachama anapofika mbele ya kamati ya mikopo, swali la kwanza huwa ni juu ya mapato yake. Zamani alijibu kwa kufungua bahasha ya stakabadhi za mazao na kuzipanga mezani. Siku hizi wapo wanaotoa simu mfukoni na kuionyesha kamati programu ya bajeti, ambamo kila shilingi iliyoingia na iliyotoka imeandikwa kwa tarehe yake. Jambo hilo lastahili kusifiwa, maana anayeandika hesabu zake anajua uwezo wake kuliko anayekisia. Lakini ikiwa hesabu hizo zilihamishwa kutoka programu nyingine pasipo uangalifu, kamati yaweza kusoma mapato ambayo hayakuwapo kamwe, na mwanachama akabebeshwa deni asiloliweza, hali hakusema uongo hata neno moja. Kwa sababu hiyo somo hili linamhusu katibu sawasawa na mwanachama mwenye simu.

Kwa nini watu huhama

Daftari la karatasi likishanunuliwa ni mali ya mnunuzi, na adui zake ni panya, maji na watoto. Programu ya simu sivyo. Mwenye kuiandika ndani yake ni mmoja, na mwenye kuimiliki ni mwingine. Huyu wa pili aweza kupandisha ada, kubadili masharti au kuifunga kabisa.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Mint. Programu hiyo ilianza Marekani mwaka 2007, ikanunuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2009, na kwa miaka mingi ikatumiwa bure na mamilioni ya watu kufuatilia matumizi ya nyumba zao. Mwishoni mwa mwaka 2023 Intuit ilitangaza kwamba Mint itafungwa, na mwezi Machi 2024 ikafungwa. Watumiaji walielekezwa kwenye Credit Karma, programu nyingine ya kampuni hiyo hiyo, lakini bajeti za kila mwezi walizokuwa wamezipanga kwa aina za matumizi hazikupata mahali pa kukaa huko. Wengi wakatafuta kwingine: Monarch, YNAB, Simplifi na nyinginezo. Ndipo watu waliokuwa na hesabu za miaka kumi na zaidi walipojifunza kwa haraka yale ambayo somo hili linayaeleza kwa utulivu.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, Microsoft nayo ilitangaza kuacha kuuza programu yake ya Money. Lakini tofauti iliyokuwapo yafaa kuangaliwa. Hesabu za Money zilikaa ndani ya kompyuta ya mtu mwenyewe, kwa hiyo baada ya biashara kukoma bado aliweza kufungua faili lake na kulisoma. Hesabu za Mint zilikaa kwa kampuni, na mlango ulipofungwa, ambaye hakuwa ametoa nakala alibaki nje. Kwa hiyo mwanachama na aulize mapema, kabla hajaandika shilingi ya kwanza, hesabu zake zinakaa wapi na zinatokaje. Katika Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupokea taarifa zake katika muundo unaosomwa na mashine na kuzipeleka kwingine. Lakini haki hiyo haimsaidii anayekumbuka kuidai siku moja baada ya programu kufungwa.

Faili linalobeba hesabu

Kilichowaokoa watu wa Mint ni faili la aina ya CSV, na programu nyingi za bajeti huweza kulitoa. Faili hilo halina siri. Ni maandishi ya kawaida ambamo kila muamala umekaa katika mstari wake, na safu za tarehe, maelezo, kiasi, aina na akaunti zimetengwa kwa alama ya mkato. Anayejua daftari la fedha taslimu la chama ataona kuwa ni daftari lile lile lililoondolewa mistari ya kuchorwa. Laweza kufunguliwa katika programu ya majedwali ya kompyuta, na katibu aliyezoea kompyuta ya ofisi aweza kulikagua kwa macho yake.

Kwa kuwa ni jepesi hivyo, lina mitego yake, na mtego mkubwa kupita yote ni alama ya kutoa. Programu nyingine huandika matumizi kwa alama ya kutoa mbele ya tarakimu. Nyingine, kama YNAB, huweza kupokea safu mbili, moja ya fedha zilizotoka na nyingine ya fedha zilizoingia. Mint yenyewe iliandika kila kiasi bila alama yoyote, kisha katika safu ya pembeni ikaonyesha kama muamala ni debiti au krediti. Mtu akilipeleka faili la namna hiyo katika programu isiyoitazama safu ile ya pembeni, karo, nauli, mafuta ya taa na mchango wa msiba vyote vitageuka kuwa mapato.

Mtego wa pili ni tarehe. Mmarekani huanza kuandika mwezi. Sisi Waswahili huanza na siku. Maandishi 3/4/2024 kwake ni tarehe 4 Machi, na kwetu ni tarehe 3 Aprili. Hatari yake ni kwamba kosa hili halijitangazi lote. Tarehe 25 ya mwezi wowote itakataliwa na programu, kwa maana hakuna mwezi wa 25. Lakini siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi zitapokelewa kimya kimya na kutawanywa mwaka mzima. Anayeona miamala michache imekataliwa asiirekebishe hiyo peke yake na kuiacha mingine.

Tatu, tarakimu kubwa. Kiasi cha 1,310,000 kina mikato miwili ndani yake, na kama hakikufungwa katika alama za kunukuu, faili litakigawa kuwa 1, kisha 310, kisha 000, kila kimoja katika safu yake. Dawa ni kuondoa mikato ndani ya tarakimu kabla ya kuhamisha.

Zaidi ya hayo yako mambo ambayo faili haliyabebi hata kidogo. Picha za stakabadhi zilizoambatanishwa hubaki nyuma. Mipango ya bajeti aghalabu hubaki pia. Na ikiwa miamala ni mingi mno, faili laweza kuwa na kikomo: Mint ilitoa miamala 10,000 kwa mara moja, hivyo mwenye hesabu ndefu alilazimika kuzitoa kwa vipindi. Yafaa kuhesabu mistari na kutazama tarehe ya kwanza na ya mwisho kabla ya kuamini kwamba kila kitu kimetoka.

Tarehe ya kufunga

Kazi ya kuhamisha hesabu si ngeni. Mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli, katika kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494, alieleza namna mfanyabiashara anavyofunga leja iliyojaa na kuyapeleka masalio katika leja mpya. Leja ya kwanza ilitiwa alama ya msalaba, iliyofuata herufi A, kisha B. Naye alishauri kazi ya kulinganisha ifanywe na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akitia alama kwenye kila andiko lililokubaliana. Mweka hazina yeyote aliyewahi kukaa na mkaguzi wa hesabu anaujua utaratibu huo, hata kama jina la Pacioli hajalisikia.

Utaratibu ni huo huo kwa simu. Kwanza ichaguliwe tarehe moja ya kufunga, iliyo bora ikiwa siku ya mwisho ya mwezi. Siku hiyo salio la kila akaunti liandikwe kwenye karatasi, tena si kutoka programu ya zamani, bali kutoka mahali fedha zilipo: fedha taslimu zihesabiwe kwa mkono, salio la benki litoke katika taarifa ya benki, la simu litoke kwa kampuni ya simu, akiba na deni vitoke katika leja ya chama. Ikiwa programu ya zamani haikubaliani na karatasi hiyo, kosa lirekebishwe huko huko kabla ya kuhama. Anayehama na kosa hulikuta limejificha zaidi ugenini.

Chukuliwe mfano wa mwanachama aliyefunga hesabu zake tarehe 30 Juni. Fedha mkononi zilikuwa shilingi 85,000, katika simu 240,000, benki 1,310,000, akiba katika chama 2,400,000, na deni la mkopo 1,800,000. Mali yake halisi, baada ya kutoa deni, ni shilingi 2,235,000. Baada ya kuhamisha, programu mpya ilionyesha 2,152,000. Pungufu ni 83,000, na mwanachama akatafuta muamala wa shilingi 83,000 usiku kucha bila kuuona.

Asingeweza kuuona, kwa sababu haukuwapo. Makosa yalikuwa matatu, katika akaunti tatu, na moja lilikuwa likila sehemu ya mengine. Alipoacha jumla na kutazama akaunti moja moja, akaunti ya simu ilisomeka 304,000 badala ya 240,000, yaani imezidi kwa 64,000. Hapo inafaa kanuni ya zamani ya wahasibu: nusu ya tofauti itafutwe. Nusu ya 64,000 ni 32,000, na kweli palikuwa na malipo ya sare za shule ya shilingi 32,000 yaliyoingia bila alama ya kutoa. Fedha iliyopaswa kupunguzwa iliongezwa, ndiyo maana kosa likawa mara mbili ya kiasi chenyewe.

Fedha taslimu zilisomeka 58,000 badala ya 85,000. Tofauti ni 27,000, nayo yagawanyika kwa 9 bila baki. Tofauti ya namna hiyo humfanya mhasibu ashuku kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na hapa ndivyo ilivyokuwa, kwa maana salio la fedha taslimu liliingizwa kwa vidole. Benki nayo ilisomeka 1,190,000, pungufu kwa 120,000, kiasi ambacho ni sawasawa na malipo moja ya karo: yaliingia mara mbili, mara moja kutoka katika faili na mara ya pili kutoka katika ujumbe wa benki ambao programu mpya iliusoma yenyewe.

Juu ya kufuta miamala iliyorudiwa, tahadhari moja kwa watumiaji wa M-Pesa. Namba ya stakabadhi ni msaada mkubwa wa kutambua marudio, lakini katika taarifa za Kenya ada ya muamala huandikwa katika mstari wake kwa namba ile ile ya muamala wenyewe. Anayefuta kila namba iliyojitokeza mara mbili atafuta ada zake zote, kisha atashangaa kwa nini salio halikubali. Namba na kiasi vitazamwe pamoja.

Kosa ambalo salio halilifichui

Baada ya kusahihisha makosa hayo matatu, akaunti zote za mwanachama yule zilikubaliana na karatasi yake. Wengi wangefunga kazi hapo. Lakini mwezi huo wa Juni alikuwa ametoa shilingi 200,000 benki na kuziweka katika akiba yake ya chama. Katika programu ya zamani maandiko haya mawili yalikuwa yamefungwa pamoja kama uhamisho wa ndani. Faili la CSV halikubeba kifungo hicho. Lilibeba mistari miwili isiyojuana: 200,000 zimetoka benki, 200,000 zimeingia kwenye akiba. Programu mpya ikauhesabu mstari wa kwanza kuwa matumizi na wa pili kuwa mapato.

Mapato yake halisi ya Juni yalikuwa 900,000 na matumizi 640,000, ziada 260,000. Programu mpya ilionyesha mapato 1,100,000 na matumizi 840,000. Ziada ni ile ile, 260,000. Salio la benki ni sahihi, salio la akiba ni sahihi, ziada ni sahihi, na mapato ni ya uongo.

Sasa ikiwa chama kina kanuni kwamba marejesho ya mwezi yasizidi theluthi moja ya mapato, mwanachama huyu anaruhusiwa marejesho ya shilingi 300,000. Kwa taarifa ya simu yake ataruhusiwa zaidi ya 366,000. Zile 66,000 za ziada atazitafuta kila mwezi katika fedha zisizokuwapo. Tena kadiri anavyojitahidi kuweka akiba ndivyo mapato yake ya uongo yanavyokua; mwanachama mwaminifu kuliko wote ndiye anayepotoshwa zaidi.

Mkopo huleta kosa la jamaa hiyo hiyo. Fedha za mkopo zikiingia katika akaunti si mapato. Ni deni lililoongezeka. Na marejesho yakilipwa si matumizi yote. Kwa deni la 1,800,000 lenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, katika marejesho ya 150,000 ni 18,000 tu zilizo gharama. Zile 132,000 zimepunguza deni. Programu za bajeti zinatofautiana katika kulishughulikia jambo hili, kwa hiyo mistari ya mikopo na marejesho haina budi kupitiwa kwa mkono, mmoja mmoja. Si kazi ndefu. Katika mwaka mzima mistari hiyo ni michache, na hiyo michache ndiyo inayopotosha.

Katibu anayeonyeshwa taarifa ya simu na aulize maswali mawili: programu hii imetumika tangu lini, na mapato haya yametoka kwa nani? Orodha ya walioleta fedha ikisomwa, jina la mwanachama mwenyewe likionekana ndani yake, kosa limepatikana.

Bajeti haihami, hupangwa upya

Mwenye kuhamisha historia yake aghalabu hutaka bajeti ifuate nyuma kama ndama. Haiwezekani, wala si vizuri iwezekane, kwa sababu programu hazikubaliani juu ya bajeti ni kitu gani. Mint iliweka ukomo juu ya kila aina ya matumizi, ikamwonya mtu alipoukaribia, hata kama mshahara ulikuwa bado haujalipwa. YNAB hufuata njia ya bahasha: fedha iliyokwisha kuingia ndiyo pekee hugawiwa kazi, na bahasha ya chakula ikiisha hapana budi kutoa katika bahasha nyingine. Ni desturi inayojulikana na kina mama wengi waliokuwa wakigawa fedha za mavuno katika makopo, kopo la karo, kopo la mbegu, kopo la dharura. Anayehamia njia hiyo aweza kuanza na salio la leo tu, pasipo historia yoyote, na asipungukiwe na kitu katika bajeti.

Hivyo ni halali kuuliza kama historia ihamishwe kabisa. Mkulima anayelipwa mara moja au mbili kwa mwaka anahitaji walau misimu miwili ili aone mfano wa mapato yake. Mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kutosheka na miezi kumi na miwili. Iliyobaki ikae katika faili la zamani, ambalo litasomeka miaka mingi ijayo kwa kompyuta yoyote. Kuhamisha miaka kumi yenye makosa ili tu iwepo ni kujitwika mzigo wa bure.

Baada ya kuhama

Programu mbili ziendeshwe sambamba kwa mwezi mmoja, na mwisho wa mwezi masalio yalinganishwe tena. Yakikubaliana, programu ya zamani iachwe kwa utaratibu. Kufuta programu katika simu si sawa na kufunga akaunti. Kwa programu ambazo hesabu zake hukaa kwa kampuni, ukiifuta kwenye simu hesabu zako zinabaki kule kule, pamoja na ruhusa uliyotoa ya kutazama benki yako. Kwa zile ambazo hesabu hukaa ndani ya simu tu, kuifuta ni kuteketeza kila kitu. Kwa hiyo kwanza faili litolewe na lifunguliwe kuhakikisha kwamba linasomeka, kisha ruhusa ya kusoma ujumbe wa simu na ya kuunganisha benki iondolewe, kisha akaunti ifungwe, na mwisho kabisa programu ifutwe. Namba ya siri ya simu au ya benki haihitajiki katika hatua yoyote ya kazi hii, na anayejitolea kusaidia kwa masharti ya kuambiwa namba hiyo akataliwe, hata akiwa ndugu.

Nakala mbili za faili zihifadhiwe mahali pawili tofauti, pamoja na ile karatasi ya masalio ya tarehe ya kufunga, ikiwa na sahihi ya mwanachama na ya aliyemsomea.

Maswali kwa vikundi vya kujisomea

1. Akaunti ya simu ya mwanachama inapaswa kuwa na shilingi 117,000, lakini programu mpya inaonyesha 171,000. Tofauti hiyo inaweza kuelezwa kwa njia mbili. Zitajwe zote mbili, na ielezwe ni andiko gani litafutwe kwa kila njia.

2. Taarifa ya mwezi inaonyesha mapato ya shilingi 750,000. Ndani yake kuna 150,000 zilizotolewa katika akiba ya mwanachama mwenyewe na 100,000 alizokopeshwa na shangazi yake. Mapato halisi ni kiasi gani, na kwa kanuni ya theluthi moja marejesho yake yasizidi kiasi gani?

3. Faili lina miamala ya tarehe 5/6, 11/6 na 19/6. Programu mpya imeukataa mmoja tu. Ni upi, na ile miwili iliyokubaliwa itafutwe katika miezi gani?